Kokubanza na Kamba ya Mwalo Uliozama

Watu wa Kishanda wakitaka kumsema vibaya mkamwana wa siku hizi, humlinganisha na Kokubanza. Yule, husema, ndiye alikuwa na adabu: aliishi kibanja kimoja, shamba moja la migomba, na baba mkwe wake zaidi ya miaka kumi na hawakupata kuangaliana usoni. Nimeyasikia hayo msibani, nimeyasikia harusini, na kila mara nilikaa kimya kwa sababu waliokuwa wakisema walikuwa wamenizidi umri. Sasa wengi wao wamekufa. Kokubanza mwenyewe hakuzipenda sifa hizo. Aliniambia mara nyingi, jikoni kwake, huku akimenya ndizi, wala hakupunguza sauti.

Alizaliwa kisiwani Bumbire. Baba yake, Kagaruki, alikuwa mvuvi aliyejaliwa mabinti watupu, naye hakuwa mtu wa kukaa akilia. Alimchukua huyu mkubwa akamtia mtumbwini. Majirani walinong'ona kwamba mwanamke akipanda mtumbwi samaki hukimbia. Kagaruki akajitia hamnazo, na samaki hawakukimbia. Kazi ya msichana ilikuwa kuzamia nyavu zilizonasa kwenye mawe. Alijifunza kufumbua macho ndani ya maji, kuufuata uzi kwa vidole mpaka mahali ulipobana, kisha kuurudisha ulikotoka badala ya kuuvuta. Ukiuvuta unakaza. Alikuwa na kifua cha kukaa chini kwa muda ambao sisi wengine tungeshakuwa tunaombewa.

Akaolewa Kishanda, na Ildefons, kijana aliyekuwa akipeleka ndizi visiwani na kurudi na samaki wakavu. Ilikuwa kabla ya Uhuru. Kishanda ni vilima, migomba na kahawa; ziwa kwao ni habari za watu wengine. Walimcheka bibi harusi kwamba ananuka sato hata akitoka kuoga. Akajifunza kupalilia migomba, kuchuma kahawa na kutandika nyasi sakafuni inavyopasa, na habari za kuzamia akazimeza. Haukupita muda Ildefons akaenda Kampala kutafuta kazi, kama vijana wengi wa wakati ule, akamwacha mkewe kwa wazazi wake. Mtoto hakuwa amepatikana bado. Mwanamke asiye na mtoto, mume yuko mbali, katika nyumba ya watu wengine: nadhani hali yake inaeleweka.

Baba mkwe wake alikuwa Ta Rweyemamu, yaani Mzee Rweyemamu, katekista. Mwanamume mrefu, mkavu, wa maneno machache. Watoto waliosema uongo darasani kwake walipiga magoti mpaka waukane. Kati yake na mkamwana wake kulikuwa na heshima ya siku zote: hawakuangaliana, mwanamke hakulitamka jina la mzee, hakula mbele yake. Wakikutana njiani kati ya migomba, mwanamke alisogea pembeni na kumpa mgongo mpaka mzee apite. Akitaka kumwambia jambo, alimwambia mama mkwe, Ephrasia, naye Ephrasia akalipeleka, hata kama mzee alikuwa amekaa upande wa pili wa ukuta wa matete na amesikia kila neno. Hakuna aliyeona ubaya. Ndivyo watu walivyoishi.

Mwaka wa pili wa Uhuru mvua zilikataa kukatika. Ziwa likapanda, likameza mashamba ya ufukweni, miti, na mialo yote ya zamani ambako mitumbwi ilikuwa ikifungwa. Daraja la njia ya Bukoba likachukuliwa na maji. Ndipo ngiri ya Ta Rweyemamu, aliyoishi nayo miaka mingi kwa kuirudisha ndani kwa kiganja, ikakataa kurudi. Wakambeba kwa machela hadi hospitali ya misheni. Wakaambiwa utumbo umenasa, lazima apasuliwe, na daktari wa kupasua yuko likizo kwao Ulaya. Mpelekeni Bukoba leo hii, na mpitisheni ziwani. Mkichelewa atakufa.

Wanaume wakamshusha hadi ufukweni. Aliyewaongoza ni Mwijage, mdogo wake mgonjwa. Huyu alikuwa tarishi wa chifu, na Serikali mpya ilipowafuta machifu akabaki na sauti ya mamlaka bila mamlaka yenyewe. Kokubanza alifuata nyuma na sufuria na mkungu wa ndizi kichwani, kwa sababu hospitalini mgonjwa hupikiwa na watu wake, na miguu ya Ephrasia ilikuwa imevimba. Mwijage hakujua hata kuwasha moto.

Walipata boti ya mbao iliyokuwa ikipeleka kahawa mjini. Mwenye kuiendesha aliitwa Lameki, Mlutheri wa Kitendaguro, nahodha na fundi wa mashine kwa pamoja. Mgonjwa akalazwa nyuma, karibu na mashine, palipokuwa na ubao mkavu, kichwa chake kikigusa ukingo wa boti. Kokubanza akakaa mbele kabisa, juu ya magunia, akiyatazama maji na mgongo wake ukimwelekea mzee. Upepo ulikuwa unavuma kutoka ziwani kuja nchi kavu, na mawimbi yalikuwa yanaanza kunyanyuka.

Lameki alimwonea huruma mgonjwa. Kila boti ilipoinuka mzee alikuwa akisaga meno, naye Lameki akaamua kukata njia: badala ya kuzunguka mbali, akapita karibu na ufuko, juu ya mwalo wa zamani uliozama. Mtu yeyote wa huko angefanya hivyo hivyo. Mahali pale wote walipajua kwa miguu. Walikuwa wamesimama pale wakinunua samaki. Ni vigumu kukumbuka kwamba mahali ulipowahi kukaa na kunywa lubisi, pombe ya ndizi, sasa ni chini ya maji, na kwamba nguzo za kufungia mitumbwi bado zimesimama huko chini na kamba zake za katani.

Mashine ikakohoa, ikatetemeka, ikazima. Boti ikavutwa nyuma, ikasimama kama mbuzi aliyefungwa mguu. Kamba ilikuwa imeingia kwenye propela na kujizungusha kwenye shafti, chuma kinachoizungusha propela, na mwisho wake mwingine ulikuwa bado kwenye nguzo. Mawimbi yakawa yanapanda kwa nyuma na kumwagikia ndani. Wabeba machela wakaanza kuyachota kwa sufuria ya Kokubanza.

"Ikateni!" Mwijage akapaza sauti. "Panga si lile pale?"

"Nikiikata, upepo unatupeleka kwenye yale mawe, na propela haizunguki," Lameki akasema. "Hiyo kamba ndiyo inayotuua na ndiyo inayotushika. Lazima niifungue kwanza kwenye shafti."

Alikuwa na desturi moja. Kabla ya kuingia majini alichomoa hendeli, ule mkono wa chuma wa kuzungushia mashine ili iwake, akamkabidhi mtu mmoja aishike mpaka atoke. Safari hii alimpa mgonjwa.

"Mzee, usimpe mtu. Nikiwa chini, mjinga mmoja akiiwasha, nakatwa mimi badala ya kamba."

Ta Rweyemamu akaishika kwa mikono miwili juu ya kifua. Lameki akazama, akatoka, akazama tena. Mara ya pili alitoka akipiga kelele: wimbi lilikuwa limemsukumia kwenye ubao wa propela na kiganja kimepasuka wazi. Akajaribu kukunja vidole, havikukunjika. Wabeba machela wakatazamana. Hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kuingia maji yanayopita magoti.

Kokubanza alikuwa amesikia yote bila kugeuka. Aliniambia kwamba tangu mashine ilipozima vidole vyake vilikuwa vikicheza peke yake. Aliijua kazi ile kama anavyojua kusuka ukili. Alijua vilevile kwamba gauni na kanga haviingii kwenye propela pamoja na mtu, na kwamba huko nyuma ya boti, umbali wa mkono tu kutoka pa kuzamia, amelala baba mkwe wake. Asipozama, mzee anakufa, pengine na wote. Akizama, yeye amekwisha Kishanda. Aliogopa, na alichoogopa si maji.

"Baba mdogo," akamwambia Mwijage, bado ametazama mbele. "Waambie wageuke. Nitazama mimi."

"Mama wee! Mbele ya baba mkwe wako?"

"Basi zama wewe."

Mwijage akayatazama maji. Kisha akakumbuka kwamba yeye ndiye mkubwa pale, akawaamuru wanaume wote waelekee mbele na mtu asithubutu kugeuza shingo. Wakageuka, na kuchota maji wakaendelea nako kinyumenyume. Mgonjwa peke yake hakuweza kugeuka. Akajivutia blanketi mwenyewe, akafunika uso wote.

Kokubanza akavua, akabaki na shimizi. Akachukua kisu cha Lameki, akapita kando ya blanketi lile bila kupumua, akaingia.

Chini aliikuta kamba imejiviringisha kwenye shafti kama ngata, zunguko juu ya zunguko, na katani ilikuwa imenyonya maji ikavimba. Akautafuta mwisho wake kwa vidole. Wimbi lilipoinua boti kamba ilikaza na hakuigusa. Boti iliposhuka ililegea kidogo, na hapo ndipo alipoirudisha propela nyuma kwa mkono, robo zunguko, na kuitoa kamba ilikoingilia. Akatoka kuvuta pumzi, akarudi. Alifanya hivyo mpaka masikio yakawa yanauma na maji mbele ya macho yake yakageuka mekundu. Alidhani ni damu ya Lameki, kumbe ilikuwa ya pua yake. Mzunguko wa mwisho ulipokataa, aliukata kwa kisu.

Boti ikaruka mbele. Yeye akabaki nyuma. Akapiga maji mara chache, mkono mmoja ukaufikia ukingo, ukateleza. Akaufikia tena, kucha zikakwaruza mbao. Pumzi ya kuita hakuwa nayo. Wanaume wote walikuwa wamempa mgongo, kwa amri, wakipiga kelele za kuchota maji.

Aliyesikia ni yule aliyelala na kichwa kwenye ukingo. Hendeli ikaanguka sakafuni. Ta Rweyemamu akalitupa blanketi, akainuka na tumbo lake lile, akamdaka kifundo cha mkono na kumvuta mpaka kifua chake kikalala juu ya mbao. Nyuso zao zilikuwa karibu kiasi cha kuhisiana pumzi. Wakatazamana. Kokubanza alisema hajawahi kuona mtu aliyepauka vile.

"Panda," mzee akasema. Ndilo neno la kwanza alilowahi kumwambia moja kwa moja.

Akapanda. Mzee akaanguka chali, akajivutia blanketi usoni. Kokubanza alipokwisha kuvaa gauni na kusema "tayari," wanaume waligeuka wakamkuta mgonjwa amejifunika kama walivyomwacha. Lameki na mbeba machela mmoja wakaizungusha hendeli kwa pamoja, mashine ikawaka, wakaondoka mawe yakiwa yanaonekana mpaka konokono zake.

Huko Bukoba mzee alipasuliwa usiku uleule, akapona. Kokubanza alimpikia siku zote hizo. Chakula alikipeleka mlangoni, Mwijage akakipokea na kukiingiza. Na kila Mwijage alipokipokea alimwangalia sana, kama mtu anayefikiria jambo.

Waliporudi Kishanda jambo hilo likatoka. Mwijage aliwaita wanaume wa ukoo, wakakaa sebuleni kwa Ta Rweyemamu, wakapeana buni za kutafuna, na wanawake wakakaa chumba cha ndani wakisikiliza. Akasema yeye hana ugomvi na mtu, anatetea mila tu. Nimewajua watu wengi wanaotetea mila tu. Aghalabu kuna mtu wanayemtafuta. Akadai kwamba mkamwana akishaonwa na baba mkwe katika hali ile, nyumba haiwezi kumweka tena, lazima arudishwe kwao. Kwa nini alihisi kwamba ameonwa? Kwa sababu alisikia hendeli ikianguka. Na kwa sababu mikono ya kaka yake ilikuwa imelowa mpaka kwenye viwiko.

"Kwa hiyo uligeuka?" mzee mmoja akamuuliza.

"Nilisikia! Sikugeuka!"

"Na viwiko uliviona kwa masikio?"

Watu wakacheka, lakini kicheko hakikumwokoa mtu. Swali lilikuwa limeshawekwa katikati ya nyumba. Wote wakamgeukia mwenye nyumba. Huko ndani Kokubanza alikuwa ameshafunga nguo zake kwenye kanga. Alimpenda Ildefons, alikipenda hata kibanja chenyewe, na alijua kwamba katekista yule hajui kusema uongo.

"Boti nzima ilikuwa imelowa," Ta Rweyemamu akasema. "Mimi nilijifunika tangu mwanzo mpaka mwisho. Sikuona kitu."

Wakamtuma Ephrasia amuulize mkamwana. Jibu likarudi: alikuwa amejifunika. Basi likaisha. Nani wa kumwambia Ta Rweyemamu kwamba ni mwongo?

Kokubanza aliifungua ile kanga. Alidhani sasa ataishi kwa amani, na kwa watu wa nje ndivyo ilivyokuwa. Lakini uongo ule ulikuwa na gharama na mzee aliamua kuilipa kila siku. Ili mtu asipate cha kushuku, heshima ya zamani hakuiona inatosha tena. Zamani akimwona njiani alisubiri ampishe. Sasa aligeuka na kurudi alikotoka. Zamani alipokea chakula kutoka kwa Ephrasia na kusema kimekuwa kitamu, akijua aliyepika anasikia. Sasa alikula kimya. Sauti yake ilikatika kila Kokubanza alipokaribia ukuta.

Ildefons akarudi kutoka Kampala, watoto wakazaliwa, wakampanda babu yao mgongoni. Azimio la Arusha likaja, na baada yake mikutano ya ujamaa na shamba la kijiji. Shambani balozi wa nyumba kumi aligawa matuta kwa mistari bila kujali nani ni mkwe wa nani, na Ta Rweyemamu, mzee tayari, aliomba kila mara mstari wa mwisho kabisa, kwenye mawe, mbali na wa mkamwana wake. Balozi alimsifu mbele ya watu. Alisema ujamaa haukuja kuvunja heshima, na kwamba vijana wajifunze kwa nyumba ile. Watu wakapiga makofi. Kokubanza alikuwa ameinama na jembe lake, na aliniambia kwamba alitamani kulirusha.

"Mimi nilimtoa kwenye mauti," alisema. "Yeye akanitoa kwenye maji. Halafu akanikimbia kama mwenye ukoma, na watu wakashangilia. Ungekuwa wewe ungefurahi?"

Nilimwambia mzee alifanya hivyo kumlinda. Alinijibu kwamba analijua hilo kuliko mimi, na kwamba kulijua hakukumsaidia hata siku moja. Angeridhika na neno moja, alisema, hata likipitia kwa Ephrasia, hata likipitia kwa mbwa. Miaka ilipita neno halikuja.

Ta Rweyemamu alianguka msimu wa senene, wakati ule watu walipokuwa wakiambiwa wahamie vijijini. Safari hii hapakuwa na cha kupasua. Alikuwa amechakaa tu. Padre alikuja akamsikiliza, akampaka mafuta, akaondoka. Baada ya padre mzee akasema aitwe mkamwana. Ephrasia alidhani homa imempanda, akamuuliza tena. Akajibu vilevile.

Mwijage alikuwapo, naye sasa ni mzee wa mkongojo, pamoja na Ildefons na jamaa wengine. Kokubanza aliingia kama alivyozoea kupita mahali pale: kinyumenyume, kanga imefunika kichwa, macho yameelekea mlango aliouingilia. Akapiga magoti hivyo hivyo, na mgongo wake ukielekea kitanda.

"Siku ile ya boti sikujifunika mpaka mwisho," Ta Rweyemamu akasema. Sauti ilikuwa ndogo lakini kila mtu aliisikia. "Nilimwona. Nilimshika mkono. Mwijage, ulisema kweli, na mimi nilidanganya ukoo mzima. Nimeshamwambia padre. Sasa nawaambia ninyi."

Mwijage, aliyengoja ushindi huo zaidi ya miaka kumi, aliangalia mkongojo wake. Kisha akainuka taratibu akasema anakwenda kuwatazama mbuzi. Nyumba ile haikuwa na mbuzi. Ildefons na wengine wakamfuata nje, mmoja mmoja, kuwatazama.

"Mwanangu," mzee akasema. "Geuka."

Kokubanza hakugeuka mara moja. Aliniambia magoti yalikuwa yamekufa ganzi, lakini nadhani ilikuwa hasira. Kisha akaushusha mtandio wa kanga mabegani, akageuka, akamtazama usoni. Mzee alikuwa amezeeka kuliko yeye alivyodhani.

"Wakola," mzee akasema. Asante.

"Umechelewa, Tata," akamjibu. Baba.

"Najua."

Kokubanza akavuta kigoda, akachukua bakuli la uji mikononi mwa Ephrasia, akamlisha. Alimlisha yeye mwenyewe asubuhi na jioni siku zote zilizobaki, wakitazamana, na hawakuongea mengi.